Pangaboi Halina Lawama

Kitenzi pakata ni miongoni mwa vitenzi vipole vya Kiswahili. Mama humpakata mwana, nyanya humpakata mjukuu, na aghalabu anayepakatwa husinzia. Walioliunda neno kipakatalishi walikitwaa kitenzi hicho, wakakiunga na mkia wa tarakilishi, nasi tukapata jina la mashine inayoweza kutumiwa mapajani. Jina hilo ni zuri, na binafsi hulipendelea kuliko laptopu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukipakata kipakatalishi kikongwe kwa muda wa saa moja anajua kwamba jina na tabia za chombo hiki havipatani. Mashine nyingi za aina hii huvuta hewa kupitia vitundu vilivyo tumboni mwake. Ukiiweka mapajani, leso au shuka huviziba vitundu hivyo. Ukiiweka kitandani, godoro hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kipakatalishi, kinyume cha mtoto, hulia kinapopakatwa na hupata nafuu kinapowekwa mezani.

Changu kililia kwa muda wa miezi saba, mapajani na mezani. Nakusudia kueleza katika makala haya jinsi kilivyonyamazishwa, kwa kuwa wanafunzi wengi katika idara zetu hutumia mashine za umri huo na huambiwa mambo yale yale niliyoambiwa mimi. Isitoshe, safari ya kukitengeneza ilinirejesha kwenye neno ambalo tulilikariri tangu shule ya msingi, nalo ni neno linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa katika orodha za msamiati.

Neno lenyewe ni pangaboi. Wasomaji watakumbuka lilivyopangwa kitabuni pamoja na jokofu na runinga, vifaa ambavyo wengi wetu tulivichora kabla ya kuviona. Sehemu yake ya kwanza ni panka, neno lenye asili ya Kihindi, lenye maana ya upepeo. Sehemu ya pili ni boi, jina ambalo wakoloni walimwitia mtumishi wa nyumbani hata alipokuwa mzee mwenye wajukuu. Katika India ya enzi za ukoloni, kabla umeme haujaenea, panka lilikuwa kitambaa kipana kilichoning'inizwa darini. Mtumishi aliketi pembeni, mara nyingi nje ya chumba, akivuta kamba ili bwana aliyekuwa ndani apate upepo. Umeme ulipokuja mtumishi aliondoka, na katika Kiswahili cheo chake kikabaki kuwa jina la mashine.

Ndani ya kipakatalishi uhusiano huo haujabadilika hata kidogo. Bwana ni prosesa, afanyaye hesabu na kutoa joto kila anapofanya kazi. Pangaboi ndiye yule wa mlangoni, mwenye kamba mkononi. Bwana akizidiwa na joto, mtumishi huvuta kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa bwana hana sauti, wageni husikia kelele za mtumishi peke yake. Kisha huagiza afukuzwe.

Ni vyema nieleze kwa nini kelele hizo zilinikera kuliko kelele za matatu au za bwenini, ambazo kila mwanafunzi wa Nairobi amekwisha kuzizoea. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu nyimbo za vugo, yaani nyimbo za harusi ambazo wanawake wa Lamu na Mombasa huziimba huku wakigonga pembe kwa vijiti. Nilirudi kutoka nyanjani na saa 31 za rekodi, za nyimbo na mahojiano. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika nakala tatu, kwa hiyo sikuwa na hofu ya kuzipoteza. Hofu yangu ilikuwa kutozisikia. Baada ya kuitetea tasnifu nilipewa siku 90 za kufanya masahihisho, na mojawapo ya masharti ya watahini lilikuwa kwamba kiambatisho cha nyimbo kionyeshe mpumuo mahali unapobadilisha maana.

Wanaisimu wataniwia radhi nikieleza wanachokijua. Katika Kimvita na Kiamu, kaa lisilo na mpumuo ni kipande cha makaa, ilhali k'aa mwenye mpumuo ni mnyama wa pwani atembeaye upande. Paa ni la nyumba. P'aa ni mnyama wa mwituni. Tofauti hiyo, ambayo Kiswahili sanifu hakiiandiki na wengi wetu wa bara hatuitamki, imo katika pumzi fupi inayotoka mara tu kipasuo kinapoachiwa. Pumzi hiyo ni mvumo wa hewa, na sauti ya pangaboi nayo ni mvumo wa hewa. Kelele za pikipiki au za redio zingeweza kutenganishwa na sauti ya mwimbaji kwa kuwa zina umbo tofauti, lakini pumzi juu ya pumzi hazitengani. Nilivaa vifaa vya masikioni vya bei ninayoimudu, na mvumo ukapenya. Nilipoongeza sauti, pembe za vugo ziliniumiza masikio kabla ya k na p za waimbaji kusikika vizuri. Tena kuna jambo jingine. Mmoja wa waimbaji wangu wakuu, bibi aliyekuwa amepita umri wa miaka 80, alifariki kabla sijamaliza unukuzi. Kwa huyo sikuwa na njia ya kurudi Lamu kumwomba alitamke neno upya.

Juu ya kelele kulikuwa na ukonokono. Unukuzi ni kazi ya kurudi nyuma: unasikiliza sekunde tatu, unarudi, unasikiliza tena, unaandika, unarudi. Mimi hutumia programu ya ELAN, iliyoundwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia mjini Nijmegen, Uholanzi, ambayo hutolewa bila malipo na humwezesha mtafiti kufunganisha kila neno na sekunde yake katika rekodi. Kila nilipobonyeza kitufe cha kurudi nyuma, mashine iliganda, ikafikiri, kisha ikaruka neno nililolitaka. Wimbo wa dakika nne ulinichukua usiku mzima.

Watu hawakukosa maoni. Mwenzangu wa bwenini alisema ni virusi. Katika mabweni yetu virusi ni kama malaria katika zahanati za zamani: hutajwa kabla ya vipimo, na dawa yake huanza kumezwa kabla ya majibu. Duka moja la kompyuta mjini lilikaa na mashine yangu kwa siku mbili, likanitoza shilingi 500 za uchunguzi, na likatoa hukumu kwamba pangaboi limekufa na prosesa imezeeka. Nilishauriwa kulipa shilingi 4,500 za pangaboi jipya, au kuachana na mashine hiyo kabisa na kuchukua nyingine, nayo pia imekwisha kutumika, kwa shilingi 28,000. Mashine yangu ilinunuliwa na mama mwaka wa 2019 zamu yake ya kupokea fedha za chama ilipofika, na shilingi 28,000 hazikuwamo katika hesabu ya mwezi wowote ninaoujua.

Hukumu hiyo ilinitatiza kimantiki kabla ya kunitatiza kimfuko. Mfu hapigi kelele. Pangaboi lililokufa lingekuwa kimya, na mashine ingejizima yenyewe kwa joto baada ya dakika chache. Na prosesa haizeeki kama goti. Ikipewa umeme na ubaridi unaostahili, hesabu iliyoifanya siku ya kwanza itaifanya kwa kasi ile ile baada ya miaka minane. Kinachobadilika ni uzito wa programu tunazoibebesha na uwezo wa mashine wa kulitoa joto nje.

Basi nilianza na kazi niliyofunzwa, yaani kusoma. Katika Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua jedwali linaloonyesha programu zote zinazoendeshwa na kiasi cha nguvu za prosesa kinacholiwa na kila moja. Jedwali hilo ni bora kuliko utabiri wa bwenini. Lilionyesha programu mbili za kuzuia virusi, moja iliyokuja na Windows na nyingine iliyowekwa na fundi wa awali kama hisani, kila moja ikilikagua faili ambalo mwenzake alikuwa akilikagua. Lilionyesha vilevile programu za muziki na za mikutano ya video zilizojifungua zenyewe kila asubuhi bila kualikwa. Niliondoa programu moja ya virusi na kuzizuia hizo nyingine zisijiwashe. Prosesa iliyokuwa ikitumia asilimia 60 ya nguvu zake bila kazi yoyote ikashuka hadi asilimia 8. Kelele zilipungua mashine ilipopumzika. Nilipofungua ELAN na kuanza kazi, baada ya dakika kumi zilirudi kama zilivyokuwa.

Hapo nikaweka programu ndogo ya kupima joto, na kwa usiku tatu nikaandika nambari mbili daftarini kila baada ya dakika moja: joto la prosesa na kasi yake. Prosesa yangu ni ya Intel, Core i5 ya kizazi cha saba. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.6, na inaweza kupanda kupita 3 kazi inapodai. Ukomo wa joto lake ni nyuzi 100 za Selsiasi, joto la maji yanayochemka. Nambari zilisimulia kisa kile kile usiku wote tatu. Kazi ilipoanza, kasi ilipanda na joto likapanda nayo: 78, 86, 93. Joto lilipofika 98 kasi iliporomoka hadi gigahezi 0.8. Joto likashuka kidogo, kasi ikapanda, joto likarudi 98, kasi ikaanguka tena. Pangaboi wakati huo wote lilikuwa likizunguka kwa nguvu zake zote.

Nililitazama daftari hilo kwa furaha ambayo sikuitarajia katika nambari. Nilikuwa nikiamini, pamoja na kila mtu aliyenishauri, kwamba mashine ina maradhi mawili: kelele na ukonokono. Daftari lilionyesha moja. Prosesa inapokaribia ukomo wa joto hujipunguzia kasi kwa makusudi ili isiungue. Ule uzembe niliouapiza ulikuwa namna ya kujilinda. Na kelele zilikuwa jitihada za pangaboi kuizuia hali hiyo isitokee. Bwana na mtumishi walikuwa wakihangaikia tatizo moja, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Swali likawa: kama pangaboi linazunguka kwa nguvu zote, upepo wake unakwenda wapi?

Kabla ya kufungua mashine nilijaribu mambo mawili ambayo yeyote anaweza kuyajaribu bila gharama. Niliinua sehemu ya nyuma kwa vizibo viwili vya soda ili vitundu vya tumboni vipate hewa. Joto lilishuka kwa nyuzi nne. Kisha katika mipangilio ya umeme nilishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Tofauti hiyo ya moja ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu huizuia prosesa kupanda juu ya kasi yake ya kawaida. Joto lilibaki kati ya 88 na 91, na kasi haikuporomoka tena. Ningemshauri mtu mwenye mtihani kesho afanye hivyo leo. Lakini pangaboi lilivuma bado, nami nilikuwa na p na k za kusikiliza.

Luthuli Avenue, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1960, ndiyo barabara ya vifaa vya umeme mjini Nairobi. Mwaka wa 2019 ilikarabatiwa na njia ya waendao kwa miguu ikapanuliwa, lakini mafundi hasa hawako barabarani. Wako ghorofani, katika vyumba vilivyogawanywa kwa vioo na mbao hadi kila fundi akabaki na meza moja, taa moja na kiti cha mteja. Niliyeelekezwa kwake alikuwa kijana wa umri wangu. Hakuniuliza kilichoharibika. Aliiwasha mashine, akainama, akaweka sikio.

"Hii inahema," akasema.

Alinieleza tofauti ambayo duka la awali halikuwa limeigusa. Pangaboi likikwaruza kama kisu juu ya bati, ekseli yake imelika na dawa ni kulibadilisha. Likivuma kama upepo mlangoni bila kukwaruza, lenyewe ni zima na njia ya hewa ndiyo yenye kasoro. Kisha akararua ukanda wa karatasi ya risiti akauning'iniza mbele ya tundu la kutolea hewa, ubavuni mwa mashine. Pangaboi lilikuwa likinguruma. Karatasi ilitikisika kwa shida, kama pazia katika chumba kisicho na dirisha.

"Umeona, dada? Feni iko sawa. Njia ndiyo imeziba."

"Kwa hivyo hainunuliwi nyingine, fundi?"

"Ya nini? Ukiniletea mtu amefungwa mdomo, nitamnunulia mapafu?"

Naomba kukaa kidogo kwenye meza ya fundi huyo, kwa maana niliyojifunza hapo hayahusu mashine pekee. Aliigeuza mashine, akatoa parafujo kumi na tatu, na kila moja akaiweka katika shimo lake la trei ya mayai, kwa kuwa zilitofautiana kwa urefu na ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa ubao wa ndani. Alipofungua kifuniko, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuchomoa waya wa betri. Nikaona kwa macho yangu njia ya joto. Juu ya prosesa, ambayo haizidi ukucha wa kidole gumba kwa ukubwa, kumelala bamba la shaba. Kutoka kwenye bamba hilo mrija bapa wa shaba unakwenda hadi ukingoni mwa mashine. Ndani ya mrija mna kimiminika kidogo mno: upande wa prosesa hugeuka mvuke kwa joto, mvuke husafiri hadi upande wa pili, hupoa, hugeuka kimiminika tena na kurudi kilikotoka. Mwisho wa mrija umeshikana na vibati vyembamba vilivyosimama sambamba, vimekaribiana kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa kidogo. Pangaboi hupuliza hewa katikati ya vibati hivyo, na joto hutoka nje.

Nilimuuliza vibati hivyo vinaitwaje. Nilitarajia neno la Kiingereza. Alisema, bila kufikiri, "Mbavu."

Baina ya pangaboi na mbavu palikuwa na blanketi. Sina neno jingine. Vumbi la miaka, nyuzi za nguo na nywele vilikuwa vimeshikamana vikawa kitambaa cha kijivu, laini, kizito kiasi kwamba fundi alikivuta kwa koleo kikatoka kizima, kina alama za kila ubavu. Kwa nje kisingeweza kuonekana, na upepo wa kopo unaopulizwa kutoka nje, kama duka la awali lilivyodai kufanya, hukisukuma tu kirudi ndani. Fundi alilizuia pangaboi kwa njiti ya meno lisizunguke ovyo, akalisafisha kwa brashi, akapuliza mbavu kutoka upande wa ndani. Kisha akalivua bamba la shaba. Yale mafuta mazito ya kijivu, ambayo mafundi huyaita pesti, yaliyopakwa kiwandani baina ya prosesa na bamba, yalikuwa yamekauka yakawa unga. Kazi ya pesti ni kujaza mianya midogo isiyoonekana kwa macho baina ya vyuma viwili, kwa sababu hewa inayokaa katika mianya hiyo hupitisha joto vibaya sana. Fundi aliifuta ya zamani kwa spiriti na kitambaa, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Nilipotazama kwa wasiwasi kwamba ni kidogo, alisema wanaojaza kama siagi kwenye mkate huongeza kile walichokuja kukipunguza.

Hema. Mbavu. Mapafu. Njia iliyoziba. Nilipokuwa nikingoja nililinganisha maneno hayo na istilahi tunazozifunza darasani. Tuna kiwambo, baobonye, kipanya, faili, tovuti. Tunajadili kwa ukali kama ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili, kazi ambayo hadi leo haijasifiwa vya kutosha. Lakini angalia istilahi hizo zote: zinataja nje ya mashine, yale yanayoonekana na kuguswa na mtu aketiye mbele yake. Tumbo la mashine hatujalipa majina, au tumelipa kwa kutafsiri kutoka vitabuni, na sababu naiona ni rahisi. Kamati zetu za istilahi zimejaa watu wanaotumia kompyuta na hazina watu wanaozifungua. Aliyezifungua elfu moja ana mbavu tayari, neno lenye picha, lenye kueleza kazi ya kifaa kwa asiyekijua, na hajawahi kuulizwa. Watakaosema kwamba ni neno la mtu mmoja wa meza moja wana haki ya kusema hivyo. Nami nasema hiyo ndiyo sababu ya kuzipitia meza nyingine mia mbili za barabara ile na daftari mkononi, kama tunavyozipitia nyua za Lamu kutafuta nyimbo. Wahadhiri wetu wanaotafuta mada za uzamili kwa wanafunzi wapya wanaweza kuichukua hii bila kuniomba.

Fundi alinitoza shilingi 1,500. Nilipouliza kuhusu parafujo, alicheka, akasema yeye huziita skrubu, lakini babake aliyekuwa seremala Voi alisema parafujo. Neno hilo limetoka kwa Wareno, limepita karne nyingi mikononi mwa maseremala na mabaharia, na sasa, ghorofani Luthuli, limeshindwa na skrubu ya Waingereza katika kizazi kimoja cha baba na mwana. Pangaboi nalo limeshindwa na feni vivyo hivyo. Sioni haja ya kulilia hilo. Naona tu kwamba feni haina yule mtu wa mlangoni ndani yake, na bila yeye ni rahisi zaidi kulaumu kelele.

Usiku huo nilirudia vipimo vyangu bila vizibo vya soda na bila kupunguza chochote. Mashine ikiwa imetulia: nyuzi 46. Baada ya nusu saa ya ELAN: 72, kasi gigahezi 3.1 bila kuporomoka. Pangaboi lilizunguka, nililihisi kwa kiganja ubavuni, ila ilinibidi kuinama ili nilisikie. Nyuzi hizo ni za Nairobi wakati wa usiku. Katika chumba cha Lamu chenye joto la 32 mtu aongeze takriban tofauti ya hewa ya sehemu hizo mbili, kwa maana pangaboi hutoa joto kwa hewa inayolizunguka na haliwezi kuipoza prosesa kupita hewa hiyo.

Si kila kitu kilipona. Mashine iliendelea kuchukua dakika tatu kuwaka, na hilo halikuhusiana na joto. Ilikuwa na diski ya zamani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo sindano yake huhangaika kutafuta faili kama mkutubi mmoja katika maktaba kubwa. Mwezi uliofuata nilinunua diski isiyozunguka kwa shilingi 3,500, nikarudi ghorofani kuiweka, na muda wa kuwaka ukawa sekunde 20. Hapo ikazuka shida nyingine. Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha saba, isipokuwa chache mno, hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine nzima, baridi na ya haraka ilikuwa imeambiwa kistaarabu kwamba muda wake umekwisha. Niliweka Linux Mint, ambayo hailipiwi, na ELAN hufanya kazi ndani yake bila malalamiko. Niliipoteza programu moja tu niliyoipenda, ya kamusi, na fonti za idara hazikupangika vizuri kwa wiki ya kwanza.

Masahihisho yaliwasilishwa siku ya 84. Katika wimbo mmoja wa yule bibi marehemu palikuwa na neno ambalo nilikuwa nimeliandika kwa penseli likiwa na alama ya kuuliza: bwana harusi anaonywa kuhusu kaa aliye mlangoni kwa wakwe. Kama ni kipande cha makaa, ubeti unazungumzia hasira ya mama mkwe. Kama ni yule mnyama, unazungumzia ndugu wa bibi harusi, asiyekwenda moja kwa moja. Uchanganuzi wangu wa sura ya nne ulikuwa umesimama mlangoni hapo kwa miezi, ukiwa na maelezo mawili na bila kauli. Nilisikiliza sekunde hizo tatu mara tisa, dirisha limefungwa, mashine kimya. Baada ya k palikuwa na pumzi. Nikafuta alama ya kuuliza, nikaweka kinukta cha mpumuo juu ya mstari: k'aa.